Cha juu ndiyo mshahara wa winga
Ukipita Mtaa wa Kongo asubuhi, maduka yakiwa ndiyo kwanza yanafunguliwa, utawakuta vijana wakipiga picha magauni yaliyotundikwa milangoni. Duka si lao, gauni si lao. Ni mawinga wa Kariakoo, na siku yao imeshaanza.

Winga hana mshahara. Anaishi kwa cha juu, yaani kile anachoongeza juu ya bei ya mwenye duka. Tuseme gauni dukani ni shilingi 25,000. Yeye anaipandisha picha kwenye kundi la WhatsApp kwa 30,000. Mteja wa Mbeya akishatuma hela, winga anapanda ghorofani kuchukua mzigo, anaufunga kwenye kiroba, anaandika jina na namba ya simu kwa maka peni, kisha anaukimbiza ofisi za mabasi. Ndani ya ile 5,000 kuna bando, makato ya kutoa hela na bodaboda. Gauni likimbana mteja na mwenye duka akagoma kulipokea, hasara inabaki kwa winga.

Je, inalipa? Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara serikalini ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Winga anayebakiwa na 3,000 kwa gauni lazima auze magauni 167 ndipo akifikie: sita au saba kila siku, kwa siku 26. Karibu na Idi anayauza hayo ya siku kabla ya adhuhuri. Januari, wazazi wakihangaika na ada, siku nzima inaweza kupita bila hata moja.

Zamani winga alitegemea miguu na mdomo: anamdaka mgeni, anamzungusha madukani, na mgeni hajui bei halisi. Sasa wenye maduka wenyewe wanatangaza bei TikTok na Instagram, na cha juu kimekonda. Waliobaki imara ni wenye wateja wa jumla wa mikoani, Zambia, Kongo na Komoro. Hao wanalipwa kwa jicho lao: wanajua kitambaa kipi kitachuja na stoo ipi ina saizi kubwa. Mtaji wao mkubwa ni kuaminika. Mwenye duka anawakabidhi mali bila hela wala hati, na anayechelewesha malipo mara moja tu, habari zake zinamtangulia duka la pili.

Amri ya Serikali ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, ukiwemo udalali na uuzaji wa jumla na rejareja, imemkinga winga na ushindani wa wageni. Lakini kwenye ugonjwa hana kinga. Hata kima cha chini cha mshahara humhusu mwenye mwajiri, naye hana. NSSF inapokea michango ya waliojiajiri, na ninawasihi mawinga wajiandikishe wakiwa bado na nguvu za kupanda ngazi za ghorofani. Winga akilazwa leo, simu yake itaendelea kuita kitandani, na hadi jioni wateja wake watakuwa wameshapata winga mwingine.