Kilichochanganywa na Dhahabu

Dhahabu safi haishiki kutu, haichujuki kwa jasho wala kwa maji ya bahari, na huyeyuka ikifika nyuzi 1,064 za Selisiasi. Kasoro yake ni ulaini. Pete ya dhahabu tupu hupinda kwa kubeba ndoo, na nakshi zake hufutika mapema. Kwa hiyo sonara huiyeyusha pamoja na metali nyingine, hasa fedha na shaba, apate aloi iliyo ngumu zaidi. Atomi za shaba ni ndogo kuliko za dhahabu. Zikikaa katikati ya hizo kubwa, safu za atomi haziteleziani tena kwa urahisi, na metali huwa ngumu.

Kiasi cha dhahabu ndani ya aloi huhesabiwa kwa karati, yaani sehemu kati ya 24. Mihuri mingi ya siku hizi huandika sehemu kwa elfu: 916 ni karati 22, 875 ni 21, 750 ni 18, 585 ni 14, na 375 ni 9. Bangili ya gramu 10 yenye mhuri wa 875, basi, ina gramu 8.75 za dhahabu. Nchi za Ghuba hupenda karati 21 na 22, India 22, ilhali Uingereza pete ya karati 9 ni jambo la kawaida, ingawa zaidi ya nusu yake si dhahabu. Karati hueleza thamani ya metali tu, haielezi ubora wa kazi. Pete yenye jiwe, inayovaliwa kila siku, hufaa zaidi ikiwa ya karati 18 au 14, kwa sababu vishikizo vya jiwe vya karati 22 hulegea upesi.

Mhuri unaweza kughushiwa, kwa hiyo sonara hukikwaruza kito juu ya jiwe jeusi la kujaribia, kisha hudondoshea alama hiyo asidi ya nitriki. Alama ya shaba hutoweka papo hapo. Ya dhahabu ya karati nyingi hubaki ikimeta. Jaribio hilo husoma uso tu, na kito kilichofunikwa kwa tabaka nene la dhahabu kinaweza kulipita. Hapo kinachosaidia ni uzito: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, ya shaba haifiki 9.

Rangi nayo hutokana na mchanganyiko. Shaba ikizidi, kito huwa chekundu. Fedha ikizidi, hupauka na kuelekea kijani. Dhahabu nyeupe hupatikana kwa nikeli au paladiamu, na weupe wake mkali mara nyingi ni ngozi nyembamba ya rodiamu iliyopakwa juu, ambayo huisha kwa kuvaliwa na kuhitaji kupakwa upya. Nikeli huwawasha baadhi ya watu, na mwenye ngozi ya aina hiyo ni bora aulizie paladiamu kabla ya kulipa.

Utunzaji ni kuwalinda hao wenzi wa dhahabu, yaani metali zilizochanganywa nayo, maana mara nyingi wao ndio wanaoharibika. Jasho hula shaba na fedha, ndipo pete ya karati chache ikaacha alama nyeusi au ya kijani kidoleni. Klorini ya bwawa la kuogelea na ya dawa ya kung'arishia nguo hushambulia aloi, hasa dhahabu nyeupe yenye nikeli, mpaka ikapata nyufa. Zebaki, kinyume chake, huivaa dhahabu yenyewe: huingia ndani yake na kuacha madoa meupe. Hiyo ndiyo kazi yake kwa wachimbaji wadogo wa Geita wanaponasa chembe za dhahabu, na zebaki hiyo hiyo imo katika baadhi ya krimu za kuchubua ngozi. Anayeona pete yake inageuka nyeupe baada ya kujipaka krimu ana sababu ya kuihofia ngozi yake kuliko pete.

Kuosha hakuhitaji dawa. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki wa nyuzi laini hutosha, hasa upande wa nyuma wa jiwe, kunakojazana mafuta ya mwili. Dawa ya meno isitumike, kwani ina chembe zinazokwaruza. Tanzanaiti ya Mererani hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla ya joto au kwa mtetemo mkali, kwa hiyo isioshwe kwa mvuke wala kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Lulu hufutwa tu kwa kitambaa kibichi. Kila kito kiwekwe katika kifuko chake, maana almasi hukwaruza dhahabu na mawe mengine yote.

Mkufu uliokatika huungwa kwa lehemu ya dhahabu, aloi inayoyeyuka kabla ya mkufu wenyewe. Aghalabu karati zake ni pungufu, hivyo mkufu ulioungwa mara nyingi ukiyeyushwa hutoa dhahabu hafifu kuliko mhuri wake unavyodai. Mwenye mkufu aupime mbele ya sonara kabla ya kuuacha na tena anapouchukua. Lehemu huongeza uzito kidogo, kung'arisha huupunguza kidogo. Tofauti kubwa zaidi ya hapo sonara aieleze.