Kuota Jua si Kuanikwa

Wengi wetu tukisikia neno "kinyonga" hukunja uso. Kuna wanaomtupia mawe, kuna wanaotimua mbio, na kuna wale watundu wanaombeba juu ya kijiti ili wamtishe mwenzao. Makala haya ni ya wote hao. Zaidi ya hayo, nayaandika kwa ajili ya kinyonga mmoja ambaye sisi wenyewe tulimwua kwa wema.

Ilikuwa hivi. Asubuhi moja ya baridi tulimkuta kwenye ua wa kayaba, amegeuka rangi karibu na ya mkaa, mzito hata kuinua mguu. "Maskini, anaona baridi," mmoja wetu akasema. Basi tukamtia kwenye chupa kubwa ya kioo, tukatoboa kifuniko apate hewa, tukamweka dirishani jua linapopiga "ili aote jua". Sisi huyoo, tukaenda zetu darasani. Tuliporudi wakati wa chakula cha mchana, alikuwa amepauka, kinywa wazi, hana uhai.

Maneno yakazuka. Huyu akadai ati ni mkosi, yule akasema kinyonga akifungiwa hufa kwa hasira. Kumbe si mkosi wala si hasira. Alikufa kwa sababu hatukujua tofauti ya kuota jua na kuanikwa. Mahindi huanikwa. Kinyonga huota jua. Hebu niwaeleze niliyoyajua baadaye.

Tuanze na ile rangi nyeusi. Tumezoea kuambiwa kwamba kinyonga hubadili rangi ili afanane na mahali alipo. Hiyo ni sehemu ndogo tu ya habari. Hubadili rangi pia akiwa na hofu, akigombana na mwenzake, akitafuta mchumba, na akihisi baridi au joto. Mwaka 1993 wanasayansi wawili, B. Michael Walton na Albert Bennett, walichapisha uchunguzi wao juu ya vinyonga wa Kenya, wakieleza jinsi rangi inavyofuatana na joto la mwili. Akiwa na baridi huwa mweusi, kwani rangi nyeusi hunyonya joto upesi. Ni kama wewe ukivaa sweta jeusi juani wakati wa gwaride. Akipata joto la kutosha hurudia rangi nyepesi. Kwa hivyo kinyonga wetu hakuwa mgonjwa pale uani. Alikuwa kazini, akisubiri jua lichomoze, na sisi tukamwachisha kazi.

Yafaa tukumbuke kwamba mwili wa kinyonga haujitengenezei joto kama wetu. Mahali pakiwa na baridi, naye hupoa. Pakiwa na joto, naye hupata joto. Wala hatoki jasho la kumpoza. Dawa yake ni kusogea tu. Asubuhi hujibapa ubavu na kuuelekeza kwenye jua. Likikolea, huingia hatua mbili ndani ya majani. Akihitaji tena, hutoka. Ndani ya chupa angesogea wapi? Upande huu jua, upande ule jua. Mwanga hupenya kwenye kioo, hugeuka joto ndani, na hewa ile ya moto haina pa kutokea. Vitundu vya kifuniko havisaidii kitu. Anayebisha na aingie kwenye matatu iliyoegeshwa juani saa saba mchana, madirisha yote yamefungwa!

Sasa, kama jua ni la hatari hivyo, si afadhali kinyonga anayefugwa akae ndani daima? La hasha! Jua si joto peke yake. Ndani ya mwanga wake mna miale ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni. Sehemu ya miale hiyo, inayoitwa kundi B, ikiipiga ngozi huanzisha utengenezaji wa vitamini D3. Vitamini hiyo huuwezesha mwili kufyonza madini ya kalisiamu kutoka kwenye chakula. Asiyeipata, hata akila panzi kutwa kucha, mifupa yake hulainika. Miguu hupinda, taya hulegea, na ule ulimi wake wa ajabu hushindwa kufyatuka vizuri. Mwisho wake ni kufa njaa huku panzi wakimchezea mbele ya macho.

Na hapa ndipo kosa letu lilipokuwa maradufu. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu miale yote ya kundi B, lakini joto hulipitisha. Kinyonga aliyewekwa nyuma ya kioo hupata hasara ya jua bila faida yake. Sisi tulimpa vioo viwili, cha dirisha na cha chupa.

Je, kinyonga ahitaji jua kiasi gani? Yeye mwenyewe ndiye ajuaye. Mwaka 2003 Gary Ferguson na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya aina moja ya kinyonga wa Madagaska. Waligundua kwamba waliopata vitamini D3 kidogo katika chakula walijitokeza zaidi kwenye miale, na waliopata ya kutosha walijitokeza kidogo. Yaani kinyonga ana kipimo chake ndani ya mwili. Kazi ya binadamu si kumpimia jua. Kazi yake ni kumwekea jua na kivuli pamoja, kisha amwachie achague.

Huenda msomaji akajiuliza ni nani hasa anayefuga vinyonga. Wako wengi ng'ambo, Marekani na Ulaya, na mmoja wa wanaopendwa sana ni wa kutoka huku kwetu: kinyonga wa Jackson, mwenye asili ya nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Dume wake ana pembe tatu kama kifaru aliyezidisha. Jina alipewa mwaka 1896 kwa heshima ya Frederick Jackson, Mwingereza aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Majira ya joto yakifika, wafugaji wa ng'ambo huwatoa vinyonga wao nje wapate jua la kweli.

Baadhi yao nao wamewahi kukosea, tena kosa kubwa kuliko letu. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, aliletewa vinyonga wa Jackson 36 kutoka Kenya. Walifika wamekonda na kukaukiwa maji baada ya safari ndefu. Kwa huruma akawaachia bustanini mwake wapate nafuu. Nafuu waliipata, na bustani wakaihama! Leo wazao wao wameenea katika visiwa kadhaa vya Hawaii, wakila wadudu na konokono ambao hawapatikani kwingine duniani. Sisi huruma yetu ilimwua kinyonga, na huruma ya yule bwana inaendelea kuwaua konokono wasio na hatia.

Basi mtu mwenye kibali cha kufuga afanyeje? Wafugaji stadi hufuata mambo haya.

Kwanza, tundu liwe la wavu pande zote, lisiwe la kioo wala la plastiki. Wavu hupitisha miale na hewa, na mlango wake ufungwe barabara asije akatoroka.

Pili, ndani yake pawe na tawi lenye majani mengi, kwa mfano la mpera, na nusu ya tundu ifunikwe ili pawe na kivuli. Mtu aangalie mara kwa mara, maana jua huhama na kivuli nacho huhama. Palipokuwa pazuri saa tatu huenda pakawa tanuri saa tano.

Tatu, wakati uwe wa asubuhi. Katelembo iko karibu na mji wa Machakos, ambao umeinuka mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na ikweta haiko mbali. Jua letu ni kali hata siku ambazo upepo ni baridi. Kipimo rahisi ni kivuli chako mwenyewe. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua bado ni la upole. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua limepanda na uangalifu uongezwe. Nusu saa mara chache kwa wiki humtosha anayeanza kuzoeshwa.

Nne, anyunyiziwe maji kwenye majani kabla na baada. Vinyonga hunywa matone yaliyo kwenye majani kama umande, na aghalabu hawayatambui maji yaliyotulia bakulini.

Tano, asiachwe peke yake hata dakika moja. Paka, kunguru, mwewe na siafu hawajui kwamba huyu ni wa kufugwa. Isitoshe, asiwekwe kwenye mti uliopulizwa dawa ya wadudu.

Sita, dalili zake zisomwe. Akiwa mweusi na ametulia, anatafuta joto. Akipauka na kuachama kinywa, joto limemzidi. Hapo apelekwe kivulini upesi na kunyunyiziwa maji taratibu, asitumbukizwe kwenye ndoo ya maji baridi.

Mwisho, asivutwe mkia wala kung'olewa tawini. Weka mkono mbele yake apande mwenyewe. Hana sumu, ingawa akichokozwa huweza kuuma. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa wanyama wa jamii yake huweza kubeba viini vya kuharisha.

Nimesema "mwenye kibali", tena kwa makusudi. Kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, mtu haruhusiwi kumchukua mnyamapori na kumfuga bila kibali, na kinyonga ni mnyamapori ingawa anaenea kiganjani. Nakiri kwamba sisi hatukulijua hilo siku ile. Kutojua hakukutuondolea kosa, wala hakukumrudishia yeye uhai.

Lakini hebu tazameni, ndugu zangu. Mfugaji wa ng'ambo hununua wavu, hupanda majani ndani yake, hunyunyiza maji, hupima jua na kuhesabu dakika. Anahangaika kujenga nini? Anajenga ua! Ua kama ule wetu, wenye umande asubuhi, jua upande mmoja, kivuli upande wa pili, na panzi bila malipo. Tulimtoa kinyonga mahali ambapo wenzetu hutumia fedha nyingi kupaiga, tukamtia kwenye chupa.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa shule yetu ni hili. Tukitaka kumjua kinyonga, tumfuate uani. Tuandike daftarini saa, rangi yake, na kama yuko juani au kivulini. Hata usiku huonekana vyema, kwa sababu akilala huwa na rangi nyepesi inayong'aa kwa mwanga wa tochi, na watafiti wengi huwatafuta hivyo. Wakati wa kupogoa ua, tukague matawi kwanza. Tukimkuta barabarani, tumwache apande kijiti, kisha tumweke kwenye kichaka kilicho karibu, upande aliokuwa akielekea.

Wazee wetu wa Ukambani husimulia kwamba Mungu alimtuma kinyonga awaletee watu habari ya uzima, akachelewa, na ndege akamtangulia na habari ya mauti. Tangu hapo twamlaumu kwa kifo chetu. Siku ile ya chupa mambo yaligeuka. Yeye alikuwa ametulia na uzima wake, nasi tukamletea mauti, tena kwa haraka. Wahenga hawakukosea waliposema haraka haraka haina baraka.

Ukipita karibu na ua kesho asubuhi ukamwona mweusi, ametulia tuli, usimhurumie. Jua likipanda kidogo, utamwona akibadilika rangi mbele ya macho yako. Mwache aote. Wasalaam.