Kompyuta za Zamani Baada ya Windows 10: Tufanye Nini?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa maboresho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta zenye programu endeshi hiyo bado zinawaka na kufanya kazi, na ndiyo maana wengi hawaoni tatizo. Lakini udhaifu mpya ukigunduliwa hauzibwi tena, na wezi wa mitandaoni hujua pa kuingilia. Kwa ofisi inayotunza hesabu za sadaka na taarifa za washarika, hatari hiyo si ndogo.

Kwa nini tusiweke Windows 11 tu? Programu hiyo, iliyotolewa mwaka 2021, inadai kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017. Kompyuta ya kabla ya hapo hukataliwa hata kama ni nzima. Zipo mbinu za kuilazimisha, lakini Microsoft haiihakikishii mashine kama hiyo maboresho ya baadaye. Hatushauri mbinu hizo kwa kompyuta ya mhasibu.

Njia zilizopo ni tatu:

1. Kulipia muda wa ziada. Taasisi inaweza kununua maboresho hadi Oktoba 2028. Bei ya kawaida kwa kila kompyuta ni dola 61 mwaka wa kwanza, na huongezeka mara mbili kila mwaka. Kwa miaka mitatu ni dola 427. Kwa mashine iliyochakaa, afadhali fedha hizo ziwe akiba ya kununua nyingine.

2. Kuweka Linux Mint, ambayo ni ya bure. Inahitaji kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora. Huja na LibreOffice, inayofungua mafaili ya Word na Excel. Ijaribiwe kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote, kwani baadhi ya printa na programu za uhasibu huenda zisikubali.

3. Kuitenga na intaneti, itumike kuchapa barua tu. Hata hivyo, flashi nazo hubeba virusi.

Kabla ya hatua yoyote, nakilini mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha yafungueni kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha ni mazima.

Tunaziomba kamati za sharika ziandike orodha ya kompyuta zao: aina ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu na kazi inayofanywa. Wafadhili wetu wapendwa, kabla ya kusafirisha kompyuta zilizotumika, tunaomba mtuulize kwanza. Mbili zinazokubali Windows 11 zitatufaa kuliko kumi zisizoikubali.