Anayumba, Lakini Hajanywa!

Hebu weka jarida pembeni kidogo, jitekenye kwapani. Umecheka? Wala. Sasa mwite mwenzi wako aje akutekenye palepale, kwa vidole viwili tu. Hapo sasa! Mguso ni uleule, kwapa ni lilelile, lakini wa kwako hauna ladha na wa kwake unakurusha juu ya kochi.

Mwenye siri hiyo amekaa kisogoni kwako. Kitaalamu huitwa serebelamu, neno la Kilatini lenye maana ya ubongo mdogo, na mwezi huu nimeamua tuache kidogo habari za nani kamwacha nani tuuzungumzie huo. Usikimbilie ukurasa wa mitindo. Ubongo huu una mkono wake hata kwenye ndoa za watu, na nitakueleza ndoa moja ambayo nusura uivunje.

Tumalizane kwanza na kutekenya. Mwaka 1998 watafiti watatu wa London, Sarah-Jayne Blakemore, Daniel Wolpert na Chris Frith, waliwalaza watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawa wanatekenywa kiganja kwa kitu laini. Mara mtu anajitekenya, mara anatekenywa na mwingine. Picha zilionyesha kwamba ubongo mdogo unahusika kutabiri. Ukiamuru mkono wako uende, wenyewe tayari unajua mguso utakaokuja, kwa hiyo unatoa taarifa mapema na sehemu nyingine za ubongo zinaupuuza mguso huo. Mwaka uliofuata wakaja na roboti: mtu anajitekenya kupitia mashine inayochelewesha mguso kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kadiri ulivyochelewa, ndivyo mtu alivyotekenyeka zaidi na mkono wake mwenyewe. Utabiri ulikuwa umekosea saa, basi!

Kazi kubwa ya kiungo hiki ni hiyo: kujua kitu kabla hakijatokea, kisha kusahihisha pale mambo yanapokwenda tofauti.

MDOGO KWA JINA TU

Pitisha mkono nyuma ya kichwa ushuke mpaka karibu na pale shingo inapoanzia. Hapo kwa ndani, chini ya ubongo mkubwa na nyuma ya shina la ubongo linaloteremka kuwa uti wa mgongo, ndipo ulipo. Una gramu kama 150, umegawanyika pande mbili, kushoto na kulia, na katikati kuna kipande chembamba chenye mikunjo ambacho wataalamu wa zamani, kwa kukosa adabu, walikiita mnyoo. Juu umekunjwakunjwa mistari myembamba kama kitambaa cha sketi ya marinda. Ukipasuliwa katikati, ndani unaonekana mchoro mweupe wa mti wenye matawi. Huo nao wakauita mti wa uzima, angalau hapo walijitahidi.

Kwa uzito ni kama asilimia 10 tu ya ubongo wote. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Brazil walihesabu seli za neva za ubongo wa binadamu, wakapata wastani wa bilioni 86, na kati ya hizo bilioni 69 zilikuwa kwenye ubongo mdogo. Yaani seli nane katika kila kumi zinakaa kwenye chumba cha uani.

Seli maarufu kuliko zote humo zina jina la Mcheki, Jan Purkyně, aliyezieleza mwaka 1837. Zimepangwa mstari mmoja, kila moja imetandaza matawi yake kama upepeo, na moja tu inaweza kupokea taarifa kutoka kwenye nyuzi zaidi ya laki moja. Halafu kuna uzi mwingine, mmoja tu kwa kila seli, unaoizunguka kama mmea unaotambaa. Wanasayansi wengi wanaamini kwamba huo kazi yake ni kuleta ujumbe wa aina moja: hapo umekosea. Sijasema unafanana na nani nyumbani kwako.

KUANZIA KLACHI MPAKA MDUARA

Watu wengi hudhani ubongo mdogo ndio unaokuamuru utembee. Hapana. Mwaka 1824 Mfaransa Pierre Flourens alieleza majaribio yake ya kuwaondolea njiwa kiungo hiki. Njiwa hawakupooza. Waliweza bado kusogeza mbawa na miguu, lakini mpangilio ulikwisha, wakawa wanayumba na kushindwa kuruka sawasawa. Amri ya kwenda inatoka kwingine. Huku ndiko inakopimwa: nguvu kiasi gani, umbali gani, lini uanze na lini usimame.

Kumbuka ulivyojifunza gari. Wiki ya kwanza mguu wa klachi unatetemeka, gari linaruka kama chura, mwalimu anafumba macho. Leo unabadilisha gia huku unabishana kuhusu mchango wa harusi, na mguu wala huuwazii. Au wale maharusi wanaofundishwa kuingia ukumbini kwa madoido: siku ya kwanza bwana harusi anahesabu hatua kwa sauti, anamkanyaga mwenzake kila mzunguko. Baada ya mazoezi mwili unaenda wenyewe mpaka anapata nafasi ya kumtazama bibi harusi usoni. Kila kosa lile liliandikwa huko kisogoni likapunguzwa kidogo kidogo. Ndiyo maana mazoezi mafupi ya kila siku yanamfaa mtu kuliko kukesha usiku mmoja kabla ya shughuli.

Jambo moja la kushangaza: ubongo mkubwa wa kulia unaongoza mkono wa kushoto, na wa kushoto mkono wa kulia. Ubongo mdogo haufuati utaratibu huo. Upande wake wa kulia unahudumia kulia, na wa kushoto kushoto. Daktari akiona mkono mmoja unapapasa papasa, anajua upande wa kuangalia.

Na si viungo tu. Mwaka 1998 Jeremy Schmahmann na Janet Sherman wa Boston walieleza wagonjwa walioumia ubongo mdogo ambao pamoja na kuyumba walikuwa wagumu kupanga mambo, maneno hayaji vizuri, na hisia zimebadilika. Mwingine amepoa kabisa, mwingine anaropoka bila breki.

Lakini hata huyu mwenye bilioni 69 anaweza kukosekana. Mwaka 2014 madaktari wa China waliandika habari za mwanamke wa miaka 24 aliyekwenda hospitali kwa kizunguzungu na kichefuchefu. Wakapiga picha, pale kisogoni pana maji tu. Alizaliwa bila ubongo mdogo. Alianza kutembea akiwa na miaka 7, matamshi yake yalieleweka akiwa na miaka 6, na hakuwahi kutembea bila kuyumba. Lakini alikuwa ameolewa na ana mtoto wa kike. Sehemu nyingine za ubongo zilikuwa zimejifunza, kwa shida, kubeba mzigo usio wao.

SASA HABARI YA POMBE

Bia ya tatu unaijua: ulimi mzito, mguu unatafuta sakafu, funguo haioni tundu. Ubongo mdogo ni kati ya sehemu zinazoguswa haraka na pombe. Ndiyo sababu polisi wa Marekani humwambia dereva atembee kisigino kwa kidole juu ya mstari. Wanaupima bila kufungua fuvu. Asubuhi unarudi kuwa mtu. Ila anayekunywa sana kwa miaka, tena halafu hali chakula akakosa vitamini B1, seli zile za Purkyně zinakufa, hasa za kile kipande cha katikati. Huyu atatembea ametanua miguu hata Jumatatu asubuhi akiwa hajagusa kitu. Akiacha, hali huwa haiendelei kuharibika na wengine hupata nafuu kiasi.

Kwa kuwa pombe tunaijua sana, tunaisingizia kila kuyumba. Hapa ndipo nilipoahidi kukufikisha.

Nina shosti wangu wa tangu chuo. Yeye na mumewe wameniruhusu niandike bila majina. Walikuwa na miaka miwili ya ndoa mume alipoanza kurudi jioni ameshika ukuta. Maneno yanaburuta. Glasi anaikosa, anaisukuma badala ya kuishika. Akiulizwa, jibu ni lile lile: "Sijanywa, mke wangu." Shosti alinusa mashati, hakupata harufu, akazidi kushuku maana alishaambiwa kuna pombe kali zisizonuka. Kwenye send-off ya mdogo wake, shemeji huyu alipepesuka mbele ya wazee mpaka meza ikaenda na soda zake. Mjomba mmoja akasema kwa sauti kwamba binti yao kaolewa na mlevi. Usiku ule mto wa mume ukahamia chumba cha wageni, na miezi minne ukakaa huko. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa shosti, sikuwa na sababu ya kuwa kwingine.

Aliyefumbua fumbo ni daktari, baada ya shemeji kuanguka ngazi za kazini. Alimwambia aguse pua yake kisha kidole cha daktari, arudie haraka. Kidole kilikuwa kinapita pembeni, na kilitetemeka zaidi kadiri kilivyokaribia. Macho yakitazama pembeni yanarukaruka. Daktari akauliza swali moja: unatumia dawa gani?

Kimya. Halafu, mbele ya mkewe, akasema ana kifafa tangu sekondari. Alikuwa anameza fenitoini kila siku, anaificha kwenye begi la kompyuta. Na kwa hofu ya kuanguka mbele ya wakwe alikuwa amejiongezea dozi mwenyewe. Dawa hiyo ina tabia mbaya: ukiongeza kidogo tu, kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda ghafla, na ikizidi inaupiga ubongo mdogo. Jamani, huyu bwana alikubali kuitwa mlevi na ukoo mzima kuliko kuitwa mgonjwa wa kifafa!

Dozi ilirekebishwa, na baada ya wiki kadhaa mwendo ukanyooka. Chumba cha wageni kilichukua muda zaidi. Shosti aliniambia kilichomuuma si ugonjwa, ni ile miaka miwili ya kulala na mtu asiyemwamini. Mume naye ana lake: kwamba alisema ukweli kila siku, hakunywa, na hakuna aliyemsikia. Kwa maoni yangu wote wawili wana haki, na wanajua hivyo. Leo vidonge vinakaa mezani na mke ndiye anayekumbusha saa.

UKIONA HAYA, NENDA

Kuyumba kwa polepole, kwa miezi, kunahitaji daktari wa neva: sababu zinaweza kuwa dawa, uvimbe, ugonjwa wa kurithi, hata hali inayowapata wachache baada ya malaria kali kuisha, ambayo mara nyingi hupona yenyewe. Kama mwenzi wako anatumia dawa za kifafa, usimwachishe ghafla kwa sababu ya makala hii. Degedege linaweza kurudi kwa nguvu.

Kuyumba kwa ghafla ni habari nyingine kabisa. Mtu alikuwa mzima, mara dunia inazunguka, anatapika, kichwa kinauma kisogoni, hawezi kusimama au hata kukaa bila kuegemea, anaongea kama kalewa. Msimpe maji ya ndimu mkasubiri apoe, wala msianze na dawa ya malaria. Hicho kinaweza kuwa kiharusi cha ubongo mdogo. Nafasi ya pale kisogoni ni finyu. Ukivimba, unalibana shina la ubongo linaloongoza kupumua. Ni hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Na mkifika, mwambieni daktari saa halisi ilipoanza na mmpe mfuko wenye dawa zote anazomeza, pamoja na zile ambazo hakupenda mzione.