Haraka ya Mteja na Usalama wa Mfanyakazi

Katika maduka mengi ya Mtaa wa Kongo na Msimbazi, Kariakoo, bidhaa huhifadhiwa katika stoo za ghorofani. Mteja akishalipa, kijana wa duka hutumwa kupanda ngazi na kushuka na mzigo. Belo la mitumba aghalabu lina uzito wa kilo 45, na anayelishusha peke yake haoni anapokanyaga. Anajua fika kwamba ampaswa kumwita mwenzake. Lakini mteja amekwisha kuuliza mara mbili, na tajiri naye amepaza sauti. Hapo ndipo tahadhari huachwa, wala si kwa ujinga.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, na inamtaka mfanyakazi naye kutunza usalama wake na wa wenzake. Twawasihi waajiri wamshukuru anayekuja kusema kuwa kipandio cha ngazi kimelegea, badala ya kumwona mvivu. Akikaripiwa leo, kesho atanyamaza.

Nawe mnunuzi, mwambie kijana kwamba utamngoja hadi mwenzake afike. Dakika chache hizo humwondolea sababu ya kukimbia.

Mfanyakazi akiumia kazini, amjulishe mwajiri mara moja, ili taarifa ifikishwe kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango wa Mfuko huo hulipwa na mwajiri. Haukatwi katika mshahara.