Jinsi ya kutambua kama yai linapevuka kwa mwanamke asiyeshika mimba

MWANAMKE anapotimiza mwaka mmoja akikutana na mumewe mara kwa mara bila kinga na asishike mimba, wataalamu huhesabu kuwa wawili hao wana tatizo la uzazi. Moja ya maswali ya kwanza ambayo daktari huyatafutia jibu ni hili: je, yai la mwanamke huyo hupevuka na kutoka katika ovari?

Vipimo vinavyotumika ni vya aina mbili. Vipo vinavyoashiria kwamba yai linakaribia kutoka, na vipo vinavyothibitisha kwamba limekwisha kutoka. Anayechanganya aina hizo hupoteza muda na fedha.

Njia rahisi ni kalenda. Wengi huamini kuwa yai hutoka siku ya 14 kwa kila mwanamke. Ukweli ni kwamba hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 28 hufikia hatua hiyo karibu na siku ya 14, ilhali mwenye mzunguko wa siku 35 huifikia karibu na siku ya 21. Asiye na mpangilio wa hedhi hawezi kutegemea hesabu hiyo.

Dalili nyingine ni ute wa ukeni. Yai linapokaribia kutoka, ute huwa mwepesi, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi la kuku.

Vipo pia vipimo vya mkojo vinavyouzwa katika maduka ya dawa. Hivyo hupima homoni iitwayo LH, ambayo hupanda ghafla siku moja hadi moja na nusu kabla ya yai kutoka. Hata hivyo, kwa wanawake wenye vifuko vingi vidogo katika ovari, homoni hiyo huweza kuwa juu wakati wote, na kipimo kikatoa jibu la uongo.

Joto la mwili linalopimwa alfajiri kabla ya kuondoka kitandani hupanda kidogo, kati ya nyuzi 0.2 na 0.5 za Selsiasi, baada ya yai kutoka. Kwa kuwa yai huishi kwa muda usiozidi saa 24 hivi, dalili hiyo huja kwa kuchelewa.

Kipimo cha damu cha homoni ya projesteroni huthibitisha zaidi, mradi kifanyike siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Mwenye mzunguko wa siku 35 akipimwa siku ya 21, badala ya siku ya 28, anaweza kuambiwa kimakosa kuwa yai lake halipevuki, kisha akaanzishiwa dawa asizozihitaji.

Kwa ultrasaundi, daktari hufuatilia kifuko cha yai kikikua hadi milimita 20 hivi, kisha kikipasuka na kunywea. Kipimo hiki huhitaji kurudiwa mara kadhaa, hivyo gharama yake huwa kubwa.

Yai kupevuka pekee hakutoshi. Mirija ya uzazi iliyoziba au upungufu wa mbegu za mume huweza kuzuia mimba, hivyo ni vema wote wawili wapimwe. Mwanamke mwenye umri wa miaka 35 au zaidi hashauriwi kusubiri zaidi ya miezi 6, na asiyepata hedhi amwone daktari mapema.