Je, Wajua? Taji Kwenye Kisu Halimaanishi Kisu cha Mfalme

Muuza vitu vya kale akikuonyesha kisu cha kukunja cha Kiingereza chenye taji dogo kwenye ubapa, huenda akakuapia kwamba kilitoka mfukoni mwa mfalme. Msikilize kwa adabu, kisha omba kioo cha kukuza.

Visu vingi vya namna hiyo vilitoka Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza ambao watengeneza visu wake wana chama rasmi tangu 1624. Kampuni iliyovuma zaidi ilikuwa Joseph Rodgers & Sons, yenye chapa ya nyota na msalaba wa Malta. Enzi za George IV iliteuliwa kuiuzia visu familia ya kifalme, ikawa inagonga alama ya mtawala kwenye shina la ubapa, pale unapokutana na mpini: herufi ya jina lake, taji, kisha R. Lakini alama hiyo ilisema nani ni mteja wa kampuni, si nani mwenye kisu. Visu vyenyewe viliuzwa kwa yeyote mwenye pesa.

Faida yake ni kukadiria umri. W na R ni William IV, aliyetawala 1830 hadi 1837 tu, na ndiyo maana wakusanyaji huvikodolea macho. V na R ni Victoria, 1837 hadi 1901. Karibu miaka 64, kwa hiyo bado una kazi. E na R mara nyingi ni Edward VII, aliyefariki 1910. Kinachosumbua hasa ni G na R, maana baada ya George IV walikuja George V na George VI. Hapo tafuta maneno mengine. ENGLAND kwa kawaida huashiria kisu cha baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka. Na ukiona STAINLESS, mfute George IV kabisa: chuma hicho kisichoshika kutu Harry Brearley alikipata Sheffield mwaka 1913.

Visu vidogo vya matunda vina mtego wao. Ubapa ulikuwa wa fedha kwa sababu asidi ya matunda hukitia chuma weusi na kuharibu ladha. Ukiuelekeza kwenye mwanga utaona mihuri midogo mithili ya punje za mtama: simba anayetembea, yaani fedha halisi, herufi ya mwaka, na taji. Taji hilo halihusiani na ikulu hata kidogo. Lilikuwa alama ya ofisi ya Sheffield ya kupima madini, iliyofunguliwa 1773. Kichwa cha mfalme au malkia, kilichogongwa kati ya 1784 na 1890, kilithibitisha kwamba kodi imelipwa. Binafsi navipenda hivi kuliko vile vya chuma, kwani herufi moja inakutajia mwaka wenyewe.

Angalia na mpini. Ukiwa wa pembe za ndovu, jua kwamba Uingereza imepiga marufuku sehemu kubwa ya biashara hiyo tangu Juni 2022.

Ukikipata kisu chako, usikisugue kwa msasa. Kipake mafuta mepesi, ukifute kwa kitambaa laini. Chapa ikishafutika, thamani nayo imepungua, na hakuna fundi atakayeirudisha.